Kovu la halwa: uchambuzi wa kisa cha kukanda kovu kwa mashine kisiwani Pemba

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wenzetu wa fiziotherapia, wauguzi wa vidonda na familia zinazomuuguza mtu aliyeungua. Mgonjwa mwenyewe ameridhia kisimuliwe. Jina lake, mji, mwaka na kila kitu ambacho kingemtambulisha vimeondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa.

Tumekichagua kwa sababu moja. Katika muda wa mwaka na ushei, mgonjwa huyu alipitia kipindi cha kukosa mashine ya kukandia, na kipindi kingine cha kukosa banzi, yaani kifaa kigumu cha kukishikilia kiwiko kikiwa kimenyooka. Hatukupanga iwe hivyo; maisha ndiyo yaliyopanga. Lakini vipindi hivyo viwili, vikiwekwa pamoja, vilionyesha kwa uwazi usio wa kawaida ni kitu gani kilikuwa kikifanya kazi gani kwenye kovu lake.

Mgonjwa na kazi yake

Ni kijana wa miaka ya ishirini na kitu, ameoa, ana mtoto mmoja, na hutumia mkono wa kulia. Alikuwa msaidizi katika nyumba inayopika halwa. Wapemba hawahitaji kuelezwa kazi hiyo. Kwa wengine itoshe kusema kwamba sukari, wanga, samli, iliki na zafarani hupikwa katika sufuria kubwa kwa saa nyingi, na muda wote huo lazima mtu awe amesimama akikoroga kwa mwiko mrefu bila kuacha, la sivyo halwa hushika chini. Mwiko ule husukumwa na kuvutwa, na kila unaposukumwa kiwiko hunyooka hadi mwisho. Kiwiko chake ndicho riziki yake, kwa hiyo lengo la tiba tuliliweka palepale mwanzoni: arudi kukoroga.

Ajali na saa za mwanzo

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, wakati nyumba za halwa hukesha kwa ajili ya Idi. Watu wamechoka, jiko limewaka tangu alasiri. Halwa iliyokuwa ikichemka iliruka ikamwagikia kigasha cha mkono wa kulia kwa upande wa ndani, ikapanda hadi kwenye mkunjo wa kiwiko, na bonge moja likamwangukia mgongo wa kiganja.

Sukari na samli zikichemka pamoja hupita nyuzijoto 100 ambazo maji huishia. Isitoshe, ni nzito na zinanata. Chai ikimwagika hutiririka na kupoa; halwa hubaki pale ilipoangukia, ikiendelea kuunguza chini kwa chini hata baada ya mtu kuondoka jikoni. Wenzake, kwa nia njema kabisa, waliikwangua kwa upande wa kisu, na ngozi ikatoka nayo. Kisha wakapaka dawa ya meno. Pipa la maji lilikuwapo hatua chache kutoka pale, lakini halikuguswa, kwa kuwa waliamini maji juu ya moto huleta malengelenge.

Nataka niseme jambo hili kwa sauti, maana sehemu kubwa ya kovu iliamuliwa katika dakika zile. Mtu aliyeungua anahitaji maji ya kawaida yanayotiririka, si barafu, kwa dakika 20. Hata akicheleweshwa, maji bado yana faida ndani ya saa 3 za mwanzo. Pete na saa zivuliwe kabla mkono haujavimba. Kilichoganda juu ya ngozi kisikwanguliwe. Kiachwe kipoe kwa maji na kilowane.

Hospitalini eneo lililoungua lilikadiriwa kuwa kama asilimia 4 ya mwili, kwa kile kipimo chepesi ambacho kila muuguzi anakijua: kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni karibu asilimia 1. Kwenye kigasha kuungua kulikuwa kwa kina cha wastani. Kwenye mkunjo wa kiwiko kulizama zaidi.

Wiki za kidonda

Ngozi ya kigasha ilifunga baada ya wiki ya tatu. Mgongo wa kiganja ulichelewa kidogo kuliko hapo. Kiwiko hakikufunga hadi wiki ya sita. Mgonjwa alishauriwa mapema kuwa kiwiko kinahitaji kupandikizwa ngozi, na kwamba ingebidi avuke kwenda Unguja. Familia ilikaa, ikahesabu nauli ya boti, nani wa kumsindikiza, atalala wapi, na ikaomba kungoja. Kidonda kikafunga chenyewe, kwa ngozi kujivuta kutoka pembezoni kuelekea katikati.

Hapo ndipo hatari ilipo. Jeraha la moto linalofunga ndani ya wiki 2 mara chache huacha kovu nene. Likipita wiki 3, uwezekano wa kovu kuinuka na kukaza huongezeka sana, na kwa watu wenye ngozi nyeusi kama sisi uwezekano huo uko juu zaidi tangu mwanzo. Juu ya hayo, kwa wiki zote sita mkono ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, kiwiko kikiwa kimekunjwa, kwa kuwa hivyo haukumuuma. Hakuna aliyemwambia kwamba mkao ule unaompa nafuu ndio utakaomfunga mkono. Katika kisa chote hiki, kama ningepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu baada ya saa ya ajali, ningebadilisha kitambaa kile cha shingoni.

Mashine kutoka Maskati

Kabla kijana hajaletwa kwetu, jamaa yao mmoja alirudi kutoka Maskati na zawadi: mashine ya urembo ya kunyonya ngozi. Ni kifaa cha mkononi chenye rola mbili na tundu katikati. Kikiwashwa, hewa hunyonywa, ngozi huinuka ikaingia kati ya rola, nazo huikunja na kuiviringisha zikienda. Wanawake huitumia mapajani na tumboni.

Jamaa yule hakukosea kudhani kwamba kifaa hicho kina uhusiano na makovu. Asili yake ni hiyohiyo. Mfaransa Louis-Paul Guitay aliunda mashine ya namna hiyo katika miaka ya 1970 baada ya kupata ajali ya gari. Alikuwa akikandwa makovu kwa mikono, akaona kazi ile inachosha na hailingani mkono kwa mkono, akatafuta njia ya kuifanya kwa mashine. Matumizi ya urembo yalifuata baadaye.

Nyumbani waliianza wiki mbili tu baada ya kiwiko kufunga, kwa nguvu ya juu, na kabla yake wakapaka mafuta ya karafuu bila kuyachanganya na kitu. Usiku uleule ngozi ilitoa malengelenge. Siku ya tatu yalipasuka. Ndipo wakaletwa kliniki, mama mtu akiwa na mashine ndani ya mkoba wake.

Tulichokikuta

Kovu la kigasha lilikuwa limeinuka milimita kadhaa, gumu, linang'aa, halijatoka nje ya mipaka ya jeraha. Hilo la mipaka ni muhimu: lingekuwa limevuka na kuingia kwenye ngozi nzima, tungefikiria keloidi, na mpango ungekuwa mwingine. Kwenye mkunjo wa kiwiko kulikuwa na kamba ya kovu iliyosimama kila alipojaribu kunyoosha. Kiwiko kilikosa nyuzi 35 za pembe kufika mwisho wa kunyooka. Muwasho aliupa 8 kati ya 10, na alisema usiku hulala akiwa amekalia mkono ili asijikune.

Tulitumia kipimo cha makovu cha Vancouver, kilichoanza kutumika mwaka 1990, ambacho huangalia rangi, damu ndani ya kovu, ulaini na kimo, na jumla yake ya juu ni 13. Alipata 10. Kwa wanaokitumia kwetu, tahadhari moja: wekundu ambao vitabu vinautaja hauonekani kirahisi kwenye ngozi nyeusi. Bonyeza kovu kwa kipande cha plastiki angavu, uangalie linapauka na kurudi kwa kasi gani. Linalorudi haraka bado lina damu nyingi, yaani bado linakua.

Palikuwa na vidonda vitatu vidogo vibichi ambapo malengelenge yalipasuka.

Uamuzi wa kwanza: kuiweka mashine

Tulimwomba mama aiweke mashine. Hakupendezwa. "Mwanangu," aliniambia, "kitu kimetoka Maskati kwa gharama, nanyi mwaniambia nikifungie kabatini?" Nilimjibu kwamba hatuitupi, tunaingojea ngozi. Nikamwonyesha vile vidonda na kumweleza sababu, naye alielewa kuliko nilivyotarajia.

Sababu ni hii. Ngozi mpya juu ya kovu haijashikana vizuri na kilichopo chini yake. Zile nyuzi ndogo zinazolishona tabaka la juu na tabaka la chini huchukua miezi kukomaa. Kitu kikiivuta au kikiisugua kabla ya hapo, matabaka huachana, maji huingia kati, na lengelenge hutokea. Tezi za mafuta nazo zimeungua, kwa hiyo ngozi ni kavu na hupasuka upesi. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa ni makali hata kwa ngozi nzima. Juu ya ngozi ya aina hii yanaunguza upya. Kuna sababu ya pili, ambayo huzungumzwa kidogo: seli zinazotengeneza kovu huhisi mvuto. Mvuto mdogo wa mara kwa mara huzisaidia kupanga nyuzi zao vizuri. Mvuto mkali unaoleta uvimbe na maumivu huziamsha zitengeneze kovu zaidi. Kwa hiyo nguvu nyingi haiwahishi tiba hii, inaiharibu.

Wakati vidonda vile vikifunga, hatukukaa bure. Tulimtengenezea banzi la plasta la kunyoosha kiwiko, la kuvaa usiku, na likawa linabadilishwa kadiri kiwiko kilivyofunguka. Baadaye tulilitengeneza kwa bomba la plastiki la maji, lililopasuliwa, likapashwa moto na kuumbwa kwa mkono wake, kwa kuwa plasta ilikuwa ikilowa jasho. Silikoni ya karatasi ilitumika mgongoni mwa kiganja. Fundi cherahani wa mtaani alishona mkono wa nguo ya kubana kwa kitambaa kinachonyumbuka, kwa vipimo tulivyochukua kila sentimita chache.

Vitabu husema nguo ya kubana ivaliwe saa 23 kwa siku. Katika joto la Pemba na unyevu wa masika, siku ya nne alikuwa na vipele vya joto mkono mzima. Tulikubaliana avae kuanzia jioni hadi asubuhi, na mchana avue saa za jua kali, aoshe, akauke, apake mafuta ya nazi. Ninajua kuwa ni pungufu ya kinachoshauriwa. Nguo inayovaliwa saa 15 kila siku inafaa kuliko ya saa 23 iliyoachwa msumarini baada ya wiki moja.

Uamuzi wa pili: mkono wa mke

Kukanda kovu kwa mkono kulihitajika mara mbili au tatu kwa siku, dakika kama 10 kila mara. Hakuna kliniki inayoweza kumpa mtu hivyo. Tukamwomba aje na mkewe.

Mkewe alikuwa na mikono inayojua kazi. Alijifunza kusinga kwa somo wake, na kwao yeye ndiye anayeitwa bibi harusi anapotiwa singo. Nilifurahi, kisha nikaona kwamba ujuzi uleule ungeweza kutuponza. Anayesinga husugua: kiganja huteleza juu ya ngozi, singo hukwaruza, taka hutoka, ngozi hung'aa. Kovu halitaki kusuguliwa hata kidogo. Katika kukanda kovu, vidole hutua juu ya ngozi na kubaki palepale vilipotua, kisha ngozi yenyewe ndiyo inayosogezwa juu ya nyama iliyo chini. Mafuta yawe kidogo tu, baada ya kukanda zaidi kuliko kabla, kwa sababu mafuta mengi huteleza na kumrudisha mtu kwenye kusugua.

Tulimfundisha hatua kwa hatua, kwanza kwenye mkono wangu, kisha kwenye mkono wa mumewe. Bonyeza mpaka rangi ya kovu ipauke, hesabu taratibu mpaka tano, achia. Sogeza kwa duara ndogo. Kisha, ngozi ikisharuhusu, lishike kovu kwa vidole na gumba, liinue, liviringishe. Kwenye ile kamba ya kiwiko, sogeza kwa kuikata njia, si kwa kuifuata. Anza kwenye ngozi nzima pembezoni na uingie katikati pole pole. Ngozi ikitoa lengelenge, acha hapo kwa siku kadhaa na ukande pengine. Na kila ukimaliza kukanda, palepale, nyoosha kiwiko na ukishikilie, kwa sababu ulaini unaopatikana kwa kukanda hudumu muda mfupi, na ndio dirisha la kunyoosha.

Alijifunza upesi. Baada ya wiki chache ndiye aliyekuwa akituambia wapi pamelainika na wapi pamekaza, kabla hatujapima.

Uamuzi wa tatu: kuirudisha mashine

Vidonda vilifunga, na kwa wiki kadhaa ngozi ilivumilia kuinuliwa na kuviringishwa kwa vidole bila lengelenge. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu cha utayari: ngozi isiyovumilia vidole haitavumilia mashine. Tulianza na kifaa kingine kwanza, kile kidogo cha mtetemo ambacho wanamichezo hutumia kwenye misuli, kikiwa na kichwa laini na kasi ya chini, kikiwekwa kwenye ngozi nzima pembeni mwa kovu. Lengo lilikuwa muwasho. Watafiti Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 namna hisia za mguso zinavyoweza kufunga njia ya maumivu kwenye uti wa mgongo, na mtetemo husaidia kwa njia inayofanana na hiyo. Usiku wa kwanza aliotumia dakika chache kabla ya kulala, alilala bila kukalia mkono.

Kisha mashine ya Maskati. Nguvu ya chini kabisa iliyokuwapo. Kichwa kitembee muda wote, kisisimame mahali pamoja, kwa kuwa kunyonya palepale huacha damu chini ya ngozi. Mara tatu kwa wiki, dakika chache kwa kila eneo, kigasha tu na kamba ya kiwiko. Mgongo wa kiganja uliachwa, kwa sababu kichwa cha mashine kilikuwa kipana na mifupa ya pale iko karibu. Tulimwandikia nyumbani masharti ya kutoiwasha: kidonda kibichi, joto au usaha, maumivu yanayobaki baada ya saa moja, michubuko isiyoisha. Kwa wagonjwa wengine tungeongeza wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Kiwiko kilitoka kukosa nyuzi 35 kikafika kukosa 20.

Mashine ilipokufa

Umeme ulipanda na kushuka usiku mmoja wa mvua, na chaja ya mashine ikaungua. Ilichukua zaidi ya mwezi kupata nyingine. Mgonjwa alikata tamaa, akidhani tiba imesimama. Mkewe hakuacha kukanda, na banzi likaendelea kuvaliwa.

Tulipopima, hakuna kilichorudi nyuma. Kiwiko kilikuwa kimesonga mbele nyuzi chache. Ulaini wa kovu ulibaki pale ulipokuwa. Muwasho ulipanda kidogo.

Msimu wa karafuu

Karafuu zikaiva. Ukoo mzima uliingia shambani, naye akaenda, kwa kuwa mikono ya kuchuma haitoshi kamwe na kazi ya halwa hakuwa ameirudia. Hakupanda mikarafuu, alikaa chini na wanawake na watoto kuchambua, kutenganisha karafuu na makonyo, na mchana kuzianika kwenye majamvi. Mkewe alikuwa naye na aliendelea kumkanda jioni. Mashine, iliyokwisha kupona, ilikwenda pia, na ikachajiwa dukani. Kilichobaki nyumbani ni banzi. Kambini watu hulala wengi mahali padogo, na alisema aliona haya kulivaa.

Kuchambua karafuu hufanywa kwa viwiko vilivyokunjwa, kutwa nzima. Usiku akalala hivyohivyo. Aliporudi baada ya majuma machache, kiwiko kilikuwa kimerudi hadi kukosa nyuzi 30. Kovu lenyewe lilikuwa laini. Ukilishika kwa vidole lilikuwa likiinuka vizuri. Lilikuwa laini na fupi.

Matokeo

Banzi lilirudi, na tukaongeza mazoezi ya mwiko: mwiko wa kweli wa halwa, kwanza ndani ya ndoo ya maji, kisha ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, akisukuma hadi kiwiko kinyooke. Baada ya mwaka na miezi miwili tangu ajali, kiwiko kilikosa nyuzi 5 tu. Muwasho ulikuwa 2. Kipimo cha Vancouver kilishuka hadi 5. Rangi ya kovu haikubadilika kwa namna ya kutajika, na tulikuwa tumemwambia mapema kuwa kukanda hakurudishi rangi. Alirudi kazini kabla ya Ramadhani iliyofuata, kwa zamu fupi, mbali na upande ambako halwa huruka.

Mgongo wa kiganja bado una bonge lililoinuka kati ya gumba na kidole cha shahada.

Kilichofanya kazi, na kilichodhaniwa kimefanya kazi

Familia inaamini mashine ndiyo iliyomponya. Ninaelewa kwa nini. Ilionekana, ilitoa sauti, iligharimu, na baada ya kila kipindi kovu lilikuwa laini kwa mguso. Lakini tukiviweka vipindi viwili sambamba, picha ni nyingine. Mashine ilipokosekana na banzi likawapo, urefu haukupotea. Mashine ilipokuwapo na banzi likakosekana, nyuzi nyingi zilipotea ndani ya majuma machache. Katika mgonjwa huyu kukanda kulilainisha na banzi likarefusha. Hakuna kimojawapo kilichofanya kazi ya mwenzake.

Ulinganisho mwingine uko kwenye mkono uleule. Kigasha kilikandwa kwa mashine na kwa mkono. Mgongo wa kiganja kwa mkono tu, pamoja na silikoni. Kigasha kililainika mapema zaidi. Kimo hata hivyo kilishuka kwa mwendo unaokaribiana, isipokuwa lile bonge moja. Lakini ngozi ya sehemu hizo mbili si moja, na jeraha halikuwa na kina kimoja, kwa hiyo sitaki kulitegemea sana jambo hili.

Na kuna muda wenyewe. Kovu la moto hukua kwa miezi mingi, kisha hutulia lenyewe kati ya mwaka mmoja na miaka miwili. Sehemu ya kushuka kwa muwasho na kimo ingetokea hata bila sisi. Mtu akitaka kujua tafiti zinasemaje: jaribio lililofanywa Korea Kusini na kuchapishwa mwaka 2014 lilionyesha kuwa wagonjwa wa moto waliokandwa makovu pamoja na tiba ya kawaida walipata nafuu zaidi ya maumivu na muwasho kuliko wasiokandwa. Kuhusu mashine za kunyonya, mapitio ya watafiti wa Ubelgiji ya mwaka 2016 yalikuta dalili nzuri kwenye ulaini wa ngozi, lakini tafiti zilikuwa chache na kila moja ikitumia nguvu na muda wake. Hicho ndicho tulichokiona hapa pia: faida ipo, nayo si kubwa kama inavyosifiwa.

Pamoja na hayo, singemnyang'anya mashine yake. Ilimpa kitu ambacho mikono ya mkewe isingeweza kumpa peke yake, nacho ni subira. Siku ambazo mke alikuwa mgonjwa au mtoto hakulala, mashine ilishika zamu. Na muwasho ulipopungua, aliweza kulala na banzi. Kabla ya hapo alikuwa akilivua usiku wa manane ajikune. Huenda huo ndio mchango wake mkubwa, kulifanya banzi livalike.

Kilichoshindwa kabisa ni mpango wa shambani. Msimu wa karafuu unajulikana, kila mtu Pemba anajua kuwa watu wataondoka majumbani, na mpango wa tiba haukuwa na ukurasa wa kambini. Sasa kabla ya msimu kila mgonjwa wa kovu la kiungo huulizwa atalala wapi, na nani, na banzi hutengenezwa dogo kiasi cha kufichika ndani ya mkono wa kanzu au shati la kulalia. Swali la haya tunaliuliza waziwazi, mke au mama akiwapo.

Kwa lile bonge la kiganja, kukanda kumefika mwisho wake. Amepewa rufaa ya kuchomwa sindano za steroidi, dawa ya kupunguza ukuaji wa kovu, ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki kadhaa, na silikoni inaendelea kati ya sindano na sindano. Safari hii familia imekubali avuke. Na katika nyumba ya halwa, mwenyewe ameweka ndoo ya maji na kata karibu na jiko, na huwaeleza wasaidizi wapya ni ya nini kabla hawajashika mwiko.